Pancha zisizoisha: kuziba, kubadilisha tairi moja, au kununua seti nzima?

Mwezi mmoja, pancha tatu, gurudumu lile lile la nyuma kushoto. Fundi wa kwanza alitoa msumari, akachomeka kamba, nikaondoka. Wa pili hakuona msumari wala tundu jipya, lakini hakutaka niondoke hivi hivi, akaongeza kamba nyingine kwenye tundu lile la kwanza. Wa tatu alilitazama tairi, akatikisa kichwa, akasema hili limekwisha, nunua jipya. Nikanunua. Siku ya tisa natoka asubuhi, nalikuta hilo jipya nalo limekaa chini.

Fundi wa nne hakuuliza habari za msumari. Alilifungua gurudumu, akalijaza upepo mpaka likawa gumu, akalizamisha kwenye beseni la maji na kulizungusha polepole, jicho liko majini. Kwenye kashata za tairi, ile sehemu yenye mifereji inayokanyaga barabara, kimya. Kwenye vali, kimya. Halafu pale mdomo wa tairi unapokumbatia rimu vikaanza kupanda vitone vya povu, vidogo kama punje za mtama, kimoja kimoja vikifuatana. Kutu. Akalivua tairi, akasugua ukingo wa rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akapaka gundi ya mdomo wa tairi, akarudisha. Haikufika saa moja. Tairi nililolitupa halikuwa na kosa lolote zaidi ya tundu moja la msumari ambalo lilikuwa limekwisha kuzibwa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi wetu tukichoshwa na pancha tunakimbilia kuuliza tairi gani zuri. Ukiuliza hivyo kabla ya kujua matairi yako yanakufa kwa namna gani, muuzaji yeyote atakuwa na jibu, na jibu lake litakuwa ghali.

Gurudumu moja, au leo hili kesho lile?

Hapa ndipo njia zinapoachana, na huhitaji kifaa chochote kujua uko upande gani. Andika tu, hata kwenye simu: tarehe, gurudumu lipi, kimetolewa nini.

Pancha ikirudi kwenye gurudumu lile lile, usilaumu barabara. Barabara haina chuki na gurudumu moja. Washukiwa ni wanne. Wa kwanza ni vali: mpira wake huzeeka na kupasuka pale chini unapoingia kwenye rimu, na ule moyo wake mdogo wa ndani hulegea au kushika uchafu. Wa pili ni rimu yenyewe, kwa kutu, kwa kupinda, au kwa ufa. Rimu ya chuma ikigonga shimo hupinda na unaiona. Ya aloi inaweza kupata ufa mwembamba kama unywele upande wa ndani, usioonekana mpaka gurudumu lifunguliwe. Wa tatu ni kiraka cha zamani kilichowekwa vibaya. Wa nne ndiye mjanja kuliko wote: kipande cha waya mwembamba kilichozama ndani ya mpira. Fundi anaziba tundu, waya unabaki, baada ya wiki mbili unatoboa tena palepale. Anayejua kazi hupitisha pamba ndani ya tairi lote kabla ya kulirudisha. Pamba ikinasa mahali, hapo pana mwiba au waya.

Maji ya sabuni yanatosha kuwakamata watatu kati ya hao ukiwa nyumbani. Paka kwenye vali kwanza, kisha uisukume kidogo kulia na kushoto uone kama povu linaongezeka. Halafu zunguka ukingo wa rimu, nje na ndani kama unafikia. Kashata mwisho. Ukiona kichwa cha msumari usiung'oe hapo hapo kama huna pa kuziba karibu, maana kwenye tairi lisilo na tyubu msumari wenyewe ndio umeziba sehemu ya tundu.

Ujue pia ni kiasi gani cha kupungua ambacho si ugonjwa. Tairi zima kabisa hupoteza psi 1 hadi 2 kwa mwezi (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), na hali ya hewa ikipoa kwa nyuzi 5 au 6 hivi za sentigredi, psi 1 nyingine huondoka bila tundu lolote. Ukijaza 33 na mwezi ujao ukakuta 31, hakuna pancha hapo. Ukikuta 27 baada ya wiki, ipo.

Sasa upande wa pili: leo nyuma kulia, mwezi ujao mbele kushoto, na kila mara kuna kitu kimechomolewa humo. Hiyo kweli ni barabara, lakini mara nyingi barabara inasaidiwa. Inasaidiwa na tairi lililoisha kashata, kwa sababu msumari una safari fupi ya kufika ndani. Inasaidiwa na upepo mdogo. Inasaidiwa na mazoea ya kukanyaga pembeni kabisa mwa lami, ambako magari yanayopita husukumia takataka zote: skrubu, vigae vya chupa, vipande vya nyaya. Utaona pancha za nyuma ni nyingi kuliko za mbele, na watu hushangaa. Msumari uliolala chali hautoboi kitu. Gurudumu la mbele hupita juu yake na kuuinua, na la nyuma huukuta umesimama.

Kuna kundi la tatu, ambalo si pancha hata kama tunaliita hivyo: tairi lililopasuka ubavu au kutoa nundu baada ya kugonga shimo. Mpira ulibanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zikakatika. Nundu hiyo ni upepo uliozuiwa na tabaka jembamba la mpira tu. Hakuna cha kuziba hapo. Na ukiona mwaka mmoja umeua matairi mawili kwa namna hiyo, tatizo lako linatibiwa kwa kubadilisha saizi, na nitafika huko.

Kamba, kiraka au uyoga

Kwa tundu la msumari kwenye kashata, fundi ana njia tatu, na tofauti ya bei kati yake ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya matokeo.

Kamba ni ile ya mpira iliyopakwa gundi, inasukumwa kwa sindano kutoka nje bila hata kulivua tairi. Dakika kumi umemaliza. Uzuri wake ni huo tu, na si mdogo kama uko njiani na giza linaingia. Ubaya wake ni kwamba hakuna aliyeona ndani. Tairi likitembea hata kilomita mbili tatu bila upepo, ubavu wake hukunjwa na kujisaga kwa ndani. Ukilivua utakuta unga mweusi wa mpira umejaa humo, kama masizi, na mstari wa mchubuko unaozunguka ubavu wote. Tairi hilo limekufa, hata kama kashata ni mpya. Kamba haiwezi kukuambia hilo. Ndiyo maana mimi naichukulia kamba kuwa tiketi ya kunifikisha kwa fundi, basi.

Kiraka huwekwa kwa ndani, tairi likiwa limevuliwa, mpira umekwanguliwa na kupakwa gundi. Kinazuia upepo vizuri. Lakini tundu lenyewe linabaki wazi kwa nje, maji yanapita na kufikia nyuzi za chuma zilizo ndani ya tairi, na chuma kikishika kutu kinaanza kuachana na mpira.

Uyoga ni kiraka chenye mguu: mguu unajaza tundu, kofia inaziba kwa ndani. Huu ndio watengenezaji wa matairi wanaoutambua kuwa ukarabati wa kudumu, kwa masharti. Tundu lisizidi milimita 6. Liwe kwenye kashata za katikati, si kwenye bega wala ubavuni, kwa sababu ubavu hukunjika kila mzunguko na hakuna kiraka kinachovumilia hilo. Na viraka viwili visigusane, wala kupandana. Fundi akikuambia anaweza kuziba ubavu, huenda kweli akauziba na ukakaa wiki. Swali ni utakuwa na mwendo gani siku utakapoachia.

Kuna pia ya kutia tyubu ndani ya tairi lisilo na tyubu. Naelewa kishawishi chake, hasa rimu inapovuja na rimu nyingine ni ghali. Lakini angalia unachobadilishana. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari huvuja taratibu, unapata muda wa kusimama. Tyubu ikichomwa upepo hutoka kwa mkupuo, na kabla ya hapo imekuwa ikisuguana na tairi na kuzalisha joto. Kwa trekta shambani, sawa. Kwa gari linalokwenda kasi barabara kuu, hapana. Isugue rimu au ibadilishe.

Dawa ya chupa nayo ina mahali pake, ila si hapa. Inaziba matundu madogo ya kashata ili ufike mahali, na watengenezaji wake wengi huweka kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Haizibi ubavu. Ukiitumia mwambie fundi kabla hajavua tairi, la sivyo atapata oga ya gundi nyeupe, na kazi ya kusafisha atakuwekea kwenye bili kwa haki kabisa.

Yanakufa kwa uzee au kwa ajali?

Hili ndilo swali la hela. Tuseme tairi jipya la bei ya kati ni 100, ya fedha yoyote unayotumia, la bei ya chini ni 70, na la mtumba ni 45. Kulifunga na kulisawazisha ni 8 kila mara. Kwenye karatasi mtumba umeshinda. Sasa tugawe kwa kilomita.

Tairi jipya la gari dogo huja na kina cha kashata cha milimita 8 hivi. Alama za kikomo, vile vituta vidogo ndani ya mifereji, viko kwenye 1.6. Kwa hiyo mpira unaoununua kwa matumizi ni milimita 6.4. Mtumba wenye milimita 4 unaonekana umebakiza nusu, ukiondoa 1.6 umebakiza 2.4, ambayo ni kama asilimia 38 ya mpira wa tairi jipya. Umelipa karibu nusu ya bei kwa zaidi kidogo ya theluthi ya tairi.

Tukadirie la kati litatembea kilomita 50,000, la bei ya chini 30,000, na mtumba 18,750. Safu ya mwisho nimeweka hali nyingine: barabara yako ni ya mashimo, na tairi lolote unalofunga huuawa likiwa na kilomita 15,000 tu.

| Tairi | Bei na kufunga | Gharama ya km 1,000 likifa kwa uzee | Likiuawa km 15,000 |
|---|---|---|---|
| Mtumba | 53 | 2.83 | 3.53 |
| Jipya, bei ya chini | 78 | 2.60 | 5.20 |
| Jipya, bei ya kati | 108 | 2.16 | 7.20 |

Namba ni za mfano, weka zako. Lakini angalia jinsi jedwali linavyopinduka. Anayemaliza kashata za matairi yake hadi mwisho anapoteza hela kila anapokimbilia rahisi. Anayepasuliwa matairi na mashimo anapoteza hela kila anaponunua ghali, kwa sababu analipia kilomita ambazo tairi halitaishi kuzitembea. Watu hawa wawili wakishauriana kuhusu tairi zuri hawataelewana kamwe, na kila mmoja yuko sahihi kwake.

Hata hivyo safu ile ya mwisho haitoshi kunipeleka kwenye mtumba. Tairi la mtumba lina historia ambayo muuzaji haijui au hataisema. Kama lazima ununue, geuza ubavu utafute herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna watengenezaji wa magari wanaoshauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wa matairi kama Michelin na Continental wanaweka mwisho kabisa miaka 10, hata kama kashata bado zimesimama. Kisha ingiza mkono ndani. Ukigusa kiraka bila kuambiwa, ukikuta unga mweusi, ukiona mikunjo ya nyufa chini ya mifereji, rudisha. Tairi lililokwisha fungwa kwenye rimu usilinunue. Huwezi kuona ndani, na ndani ndiko kwenye habari.

Anayepasuliwa matairi na mashimo, dawa yake si mtumba. Dawa ni kujitoa kwenye ile safu ya mwisho ya jedwali.

Kuteremka saizi ya rimu

Soma namba za ubavuni. 225/45R17 maana yake tairi lina upana wa milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Piga hesabu: ubavu huo ni milimita 101 tu kati ya shimo na rimu yako. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa milimita 113. La 195/65R15 lina 127. Na yote matatu, kutoka ardhini hadi juu, yana kimo kinachokaribiana sana: milimita 634, 632 na 635 hivi. Spidomita haitaona tofauti, gari halitashuka wala kupanda, lakini umeongeza sentimita mbili na nusu za mpira wa kufyonza mapigo.

Magari mengi huuzwa kwa saizi mbili au tatu kulingana na toleo, na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta huwa kinaziorodhesha. Toleo la juu ndilo linalopewa rimu kubwa na ubavu mwembamba, kwa sababu linapendeza dukani. Ukiteremka hadi saizi ya toleo la chini hujavunja kitu chochote. Uliza mambo mawili tu: rimu ndogo itapita juu ya breki zako bila kugusa, na tairi jipya lina namba ya kubeba uzito isiyo chini ya ile ya kibandiko. Namba 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja.

Gharama ya rimu nne inauma mara moja. Lakini rimu hizo, hata zilizotumika, mradi zimenyooka, hulipa deni lake baada ya kuokoa matairi machache. Na rimu zako za zamani zina soko. Unachopoteza ni wepesi kidogo wa gari kwenye kona, na muonekano. Kwa muonekano sina la kukusaidia.

Ukiambiwa badala yake ununue matairi mazito ya plai 10 (plai ni kipimo cha nguvu ya tabaka za ndani ya tairi) ya magari ya mizigo, fikiri mara mbili. Yanastahimili mawe na visiki kuliko ya kawaida, hilo ni kweli. Lakini ni mazito, magumu, yanataka upepo mwingi ili yabebe kile kile, na gari dogo likiyavaa linakula mafuta zaidi na kukurusha. Kwa pikapu inayoshinda kwenye changarawe, ndiyo. Kwa gari la kwenda kazini, hapana.

Yale yanayotangazwa kuwa hayana pancha

Yako ya aina mbili madukani, na huchanganywa.

Matairi yanayotembea bila upepo yana ubavu mnene unaobeba gari hata upepo ukiisha wote. Kwa kawaida yanakupa kilomita 80 hivi kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Yanahitaji gari lenye sensa ya upepo, kwa sababu ukiwa kwenye usukani unaweza usijue kabisa kwamba tairi ni tupu. Yakishatembea tupu, mengi hayazibiki. Mengine mtengenezaji hakubali yazibwe hata kwa msumari mmoja. Kwa hiyo kwa mtu wa pancha za kila mwezi haya ni mtego: unanunua tairi ghali zaidi ambalo kila msumari unaweza kulifanya takataka. Na ubavu ule mgumu hupeleka pigo la shimo moja kwa moja kwenye rimu. Ningeyachagua kwa sababu moja tu, kwamba kusimama njiani kubadilisha gurudumu ni hatari kwako kuliko gharama yenyewe.

Matairi yanayojiziba ni kitu kingine. Haya yana tabaka la utomvu mzito lililopakwa ndani chini ya kashata. Msumari ukiingia unakumbatiwa, ukitoka tundu linajifunga. Continental wanasema la kwao, ContiSeal, linaziba matundu ya hadi milimita 5. Ubavuni halisaidii, kwenye shimo halisaidii. Lakini kwa yule wa "leo hili kesho lile" ambaye njia yake ya kila siku inapita kwenye maeneo ya ujenzi, hapa ndipo ningeweka hela ya ziada kabla ya kuiweka kwenye yale mengine. Ila yakague mara kwa mara, maana unaweza kutembea na msumari miezi bila habari.

Ama yale yasiyo na upepo kabisa, Michelin na General Motors walionyesha lao liitwalo Uptis mwaka 2019. Usiahirishe kununua matairi kwa ajili yake.

Moja, mawili au manne

Kama matatu yaliyobaki bado yana kashata nyingi na gari linavutwa na magurudumu mawili, badilisha moja, ukitafuta aina ile ile. Tofauti ikiwa kubwa badilisha mawili ya ekseli moja, na mapya yaende nyuma. Najua kila mtu anataka mapya mbele, kwenye usukani. Lakini mbele zikiteleza kwenye maji gari linakwenda moja kwa moja na unahisi mapema. Nyuma zikiteleza gari linageuka lenyewe kabla hujajua kinachoendelea.

Gari linalovutwa na magurudumu yote manne wakati wote lina sheria yake. Tairi jipya lenye milimita 8 na jirani yake mwenye 3 hayana mzunguko sawa, na tofauti hiyo hubebwa na difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, kila sekunde unayoendesha. Soma kitabu cha gari kinaruhusu tofauti ya kiasi gani. Mara nyingi jibu litakulazimisha kununua manne, na hapo pancha moja ya ubavuni inakuwa balaa la matairi manne. Ndiyo maana wenye magari haya wanapaswa kuwa wa kwanza kufikiria kuteremka saizi, na kuzungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yaishe pamoja.

Na kabla ya kufunga chochote kipya, soma yale ya zamani yanayotolewa. Yameisha katikati: ulijaza upepo kupita kiasi. Yameisha kingo zote mbili: ulijaza kidogo. Yameisha ukingo mmoja tu: alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka, au bushi na boljointi, viungio vya magurudumu, zimechoka. Yana mabonde mabonde unayoyahisi kwa kiganja: shokapu. Ukifunga matairi mapya juu ya shokapu zilizokufa, utarudi dukani mapema, na muuzaji atakupokea kwa furaha.

Geji ya upepo ndicho kifaa pekee ninachomwambia kila mtu anunue bila kuuliza ana gari gani. Pima tairi likiwa baridi, gari likiwa limelala saa tatu au zaidi, na ufuate kibandiko cha mlangoni. Namba ya upepo iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo cha juu ambacho tairi linavumilia, si kipimo cha gari lako. Wapo mafundi wanaojaza kwa kuisoma hiyo. Mjadala wa kujaza tairi kwa naitrojeni siuingii kwa kirefu: hewa ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Kama ni bure chukua.

Cha kubeba kwenye buti

Spea kamili ndiyo bora kama buti linaitosha, na kama una mashimo haina mpinzani, kwa sababu tairi lililopasuka haliponywi na kitu kingine. Spea nyembamba ya muda ni ya kufika kwa fundi kwa kilomita 80 kwa saa, wala si ya kuzoea; nyingi zinataka psi 60, na ukiitoa ikiwa na 20 haikusaidii. Pampu ya umeme ya kuchomeka garini pamoja na chupa ya dawa inamfaa mtu wa misumari pekee, na chupa ina tarehe ya mwisho ambayo karibu hakuna anayeitazama.

Mimi nina spea kamili na pampu. Ile pampu nimeitumia mara nyingi zaidi, hasa kujaza ile spea, ambayo huwa ninaisahau mpaka siku ya kuihitaji. Sasa naipima siku ile ile ninayopima mengine manne. Na nikibadilisha gurudumu njiani, nati nazikaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana yangu mwenyewe, hata kama aliyezifunga ni fundi.